Pile Nilizotoa Sadaka

Bandugu bangu, mumeniomba nisimame nitoe ushuhuda, nimesimama. Mama mwenye ametangulia alilia kwanza. Mi sitalia, juu mukiniona nalia mutanihurumia, na leo huruma si yangu.

Bwana yangu munamujua. Siku tulikimbia Uvira balimupiga ku shingo. Mikono ikakufa, miguu ikakufa, sauti ikaenda. Akili yote iko. Shavu ya kushoto njo peke yake inasukuma kitu.

Tulipofika huku, nilikuwa nafua nguo kwa mama mmoja wa Area 49, kule mjini. Siku moja akatupa soneti ya mlango, ile ya kisasa: butoni inakaa ku geti, kengele inalia ndani ya nyumba, na katikati hakuna waya. Nikaiomba. Fundi wa redio kule Biwi akapanua butoni na kifuniko ya mkebe wa majarini, hata shavu ikigusa kidogo tu, inaita. Butoni tukafunga ku mto wa bwana. Kengele nikavaa ku shingo, nikaenda nayo ku masini yangu ya kushona, nyuma tu ya nyumba yetu hapa kambini Dzaleka.

Siku ya kwanza aliniita, nikaimba. Mwezi wa tatu, nabaambia ukweli, nilikuwa naichukia. Nzi ku jicho, anaita. Jua imemufikia, anaita. Bamama bakanicheka: "We, umekuwa mbuzi yake, anakufungia kengele."

Kukafika juma ya kufunga na kuomba. Mzee mmoja wa kanisa akafundisha kama mgonjwa mwenye kuwekewa vyombo hawezi kupona, juu tunamuonyesha Mungu hatumutegemee. Nikatoa pile za kengele, zile betri zake, nikaziweka ndani ya kikapu ya sadaka. Kanisa yote ikapiga makofi. Nilisema ni imani. Bandugu, ilikuwa uchovu. Nilitaka siku tatu bila kuitwa.

Siku ya tatu asubuhi nilimulisha uji ya sukari, sikumupangusa muzuri, nikakimbia ku maombi. Kurudi saa nane, nikasikia tangu inje: ka, ka, ka. Ilikuwa ile kifuniko. Siafu balifuata uji. Balikula kope, balikula sikio, na jicho moja haikupona mpaka leo. Na yeye anasukuma tu. Sikukuwa nimemuambia kama nilitoa pile. Alifikiri niko njiani.

Nikaenda kwa yule mzee. Pile zangu nikazikuta ndani ya toroshi yake ya kumulika usiku. Akasema, "Mama, kitu ya Mungu hairudishwe."

"Papa, basi Mungu anione," nikamujibu, nikafungua ile toroshi mbele ya bibi yake.

Kengele ikapona. Bwana akakataa. Nikimuwekea butoni, anageuza uso. Jirani yetu Mrundi akakubali tupokezane, na kila asubuhi namuambia bwana leo kengele iko na nani. Ikiwa na jirani, inalia: maji, nzi, jua. Ikiwa na mimi, kimya mpaka jioni. Anakaa na kiu yake, namukuta midomo imepasuka. Nikimuomba masamaha, anafunga jicho. Ilienda vile miezi na miezi, na mi nilistahili.

Namushukuru ule jirani, iko pale nyuma anaficha uso. Namushukuru fundi, na mama wa Area 49, zikomo kwao. Na mwenye kuchoka hapa, aseme nimechoka. Tutamupokea kazi siku moja, siku mbili. Asibebeshe Mungu uchovu yake.

Nimalize. Jumanne nilikuwa nashona kola, kengele ikalia ku shingo yangu. Asubuhi nilikuwa nimemuambia iko na mimi. Nilikimbia, kiatu moja ikabaki ku masini. Hakukuwa nzi. Hakukuwa jua. Nikamupa maji, akakataa. Akaniangalia na ile jicho moja, namna nilikuwa nahema, alafu akalala. Alitaka kujua tu kama nitakuja.