Harusi ya Kiwanja cha Tenisi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni amina kwa nguvu, maana nimechoka na wanadamu, lakini Mungu sijamchoka.

Mnanijua, mimi Mama Aimable, muuza vitenge hapa Remera. Marehemu mume wangu alifundisha tenisi kwenye klabu ya matajiri. Aliniachia raketi tele na mwana mmoja, Aimable. Vita ilipoanza, vijana wakawa wanashinda barabarani. Kisha vikaja vyama vya siasa. Jamani, vyama havikosi pesa! Kila Jumapili lori linapita, vijana wanapewa fulana na bia ya bure, jioni wanarudi na marungu. Siku moja Aimable wangu akarudi amevaa fulana ile. Nililia, ndugu zangu!

Nikasema, nitawatafutia vijana tenisi. Kanisa likanipa uwanja wa nyuma, ila wazee wakasema usipotengenezwa kufikia Pasaka wanauchukua. Nikaanza kuomba msaada. Weee! Bosi mmoja wa Kiyovu, mtaa ule wa matajiri, alinikalisha barazani asubuhi nzima, kisha akaniambia tenisi si mchezo wa watoto wa maskini. Ofisi ya wafadhili ilitaka mradi ulioandikwa kwa Kifaransa. Nikaupeleka, wakasema mkubwa yuko likizo. Nanyi msicheke! Niliposimama hapa kuomba, mliangalia viatu vyenu. Nikamnung'unikia Mungu hadi sauti ikakauka.

Jumamosi moja nikaenda harusini kwa jirani, nimenuna. Mshereheshaji anatangaza, "Fulani ametoa ndama!" Vigelegele. "Fulani ametoa kreti za Fanta!" Vigelegele. Watu walewale walioninyima! Nikamnong'oneza Mama Consolata wa kwaya, "Waone wanafiki hawa."

Akanijibu, "Lakini wewe iko unaomba watu pembeni, kama unaomba chumvi. Nani atatoa kitu na jina yake haisikiki? Tufanye harusi."

Ndugu zangu, Roho alinigusa palepale! Tukaalika watu, tukawaambia kiwanja kinaolewa. Kwaya ikaimba, Fanta zikapita, Mama Consolata akashika kipaza sauti. Mchoma matofali akatangazwa kwa matofali yaliyovunjika, tuyasage yawe udongo mwekundu wa kuchezea. Vigelegele! Seremala jirani yake hakukubali kushindwa, akatoa nguzo. Mwenye duka akatoa chokaa ya mistari. Yule bosi wa Kiyovu naye tulikuwa tumemwalika. Aliposikia wenzake wanatajwa, akatoa wavu mpya na mipira, akaomba jina lake lirudiwe. Tukalirudia, mimi nimekasirika na huku nacheka.

Kiwanja kilikamilika kabla ya Pasaka. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, lori la chama likasimama hapo barabarani, likapiga honi, wakamwita Aimable kwa jina. Mwanangu alikuwa kiwanjani na wenzake, raketi ya baba yake mkononi, hakugeuka hata kidogo. Alisema tu, "Waambieni waende, ni zamu yangu kuanzisha mpira." Wakangoja, wakachoka, wakaondoka.

Asante Yesu! Wewe uliyenyimwa na kila mtu, mtegemee Bwana. Anaweza kuwatumia hata hawa wanaopenda kusikia majina yao. Lakini lori litarudi Jumapili, najua, na mipira yetu imeanza kuchakaa. Mama Consolata, lete kipaza sauti. Haya, ndugu zangu, nimtaje nani?