Mustari ya Chini ku Karatasi ya Kanyere

Jambo yenu, wenye kukaa na wenye kusimama. Mama mwenye redio, punguza kidogo. Na wewe wa moto, zima pikipiki yako, essence inaisha bure na masikio yetu inachoka. Munyamaze kidogo tu, niwaambie mambo ilifanyika Ndosho juma iliyopita, pa banc ya Mama Mukashyaka, siku Papa Josias alifungua karatasi ya masomo mbele ya watu, na watu wote wakashindwa.

Ile banc ni ubao moja ya mukaratusi juu ya mawe mbili ya volcan, ule mulima wa moto, pembeni ya atelier ya Papa Josias, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma na muzigo. Mama Mukashyaka, mama wa kutoka Masisi, anapangaka thermos zake hapo tangu asubui, kahawa na tangawizi. Kuko wawili wenye hawakosekanake hapo, isipokuwa siku ya mvua. Wa kwanza ni Florent, anauzaka unités za simu chini ya parasol. Wanamuitaka Recteur, juu alifikaka université miaka mbili na mupaka leo hajatoka ndani yake. Wa pili ni Gentil, motard, anabebaka watu ku moto, pikipiki yake. Ule wanamuitaka Sans-Frein, na si juu ya moto yake, ni juu ya kinywa. Papa Josias naye walimupa jina ya Kidole. Alijifunza kusoma ku paroisse, pa kanisa, akamaliza mwaka jana, na miaka makumi ine na munane. Tangu ile siku anasomaka kila kitu na kidole: sachet ya chumvi, tangazo ya matanga, hata maandishi ya nyuma ya camion ikisimama. Neno yenye hajagusa, kwake haijasomwa.

Basi ile asubui akatoka ndani ya atelier, maranda ingali ku ndevu. Akakaa. Akapangusa mikono mara mbili ku suruali, kiisha akatosha karatasi ndani ya Biblia.

— Nini hiyo, Papa Kidole? Sans-Frein akauliza. Wamekuita ku tribunal?

— Ni ya Kanyere, binti yangu. Anamaliza huitième, mwaka wa munane. Wanauliza ataingia option gani, njia gani ya masomo. Midi, saa sita kamili, inapashwa kuwa imerudi ku masomo na signature yangu. Isipofika, watamuweka kwenye nafasi itabakia.

— Basi leta hapa, Recteur akasema, mukono umekwisha kunyooka. Dakika mbili, najaza.

Papa Josias hakuachilia karatasi. Na hakuna mutu pa banc mwenye hakujua sababu. Ya Ushindi, kaka ya Kanyere, Recteur ndiye alijazaka, miaka ine imepita. Ile wakati Josias hakujua hata herufi moja. Alitia kidole chake ku wino akakandamiza pale walimuonyesha. Recteur aliandika pédagogie ku choix ya kwanza, chaguo ya kwanza, pédagogie ku ya pili, na ku ya tatu tena pédagogie, eti mwalimu ni mutu wa heshima. Ushindi alikaa ndani ya ile kalasi miezi saba, kiisha akaacha. Sasa iko ku carrière, anabeba mawe, na akipigaka simu ku nyumba anaongeaka na mama yake tu. Juma yenye Ushindi aliondoka, Josias alienda kujiandikisha ku paroisse, kati ya wamama wenye kubeba watoto ku mugongo. Watu waliwaza anataka kusoma Biblia.

— Leo nasoma mwenyewe, akasema polepole. Ninyi munisaidie kufikiri.

Akaweka kidole.

— Kwa… wazazi. Mutoto wenu… anafika… penye njia… inagawanyika. Musimuachilie… peke yake… na musimusukume.

Mama Mukashyaka akaacha kikombe katikati ya hewa.

— Nani aliandika maneno ya hivi?

— Madame Léocadie, conseillère mupya, mwenye kushauri watoto ku masomo. Ameandika ku Kiswahili, eti wazazi wasome wenyewe.

— Kumbe karatasi ya masomo inaweza kuongea kama mutu!

— Karatasi ya sérieux inaandikwa ku Kifaransa, Recteur akasema, lakini shingo ilikuwa imekwisha kuinama ili aone.

— Hapa kuko visanduku tatu, Josias akaendelea. Choix ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kiisha…

Pale ndiyo walimukatia.

— Biochimie! Recteur akapiga goti yake. Biochimie, kiisha médecine. Docteur Kanyere! Sikia vile inalia ndani ya kinywa.

— Docteur wako wengi kuliko wagonjwa, Sans-Frein akasema. Mimi nabebaka docteur wawili kila siku, wanatafuta kazi. Papa, sikia mimi. Volcan! Hii muji, volcan imenikimbiza mara mbili, ya kwanza niko mugongoni mwa mama, ya pili niko na mama mugongoni mwa moto yangu. Mutu mwenye kusomea volcan atakosa kazi siku gani? Patron wake haizimake!

— Volcan ni kukaa na kuchunguza moshi, Mama Mukashyaka akajibu. Vétérinaire. Kule kwetu, watu wanaweza kukosa kusalimiana mwaka muzima, lakini mwenye sindano ya ng'ombe akipita, kila barrière inafunguka. Mutu anakuchukia, lakini ng'ombe yake iko mugonjwa.

Papa Josias alikuwa anawaangalia moja moja, kinywa kimefunguka kidogo. Hakuwazaka kama dunia iko na milango mingi hivi. Yeye alijua ubao, musumari, na mupira wa kukata ku pneu. Docteur, volcan, ng'ombe, yote ilikuwa inapita mbele yake, na kila moja aliona Kanyere ndani yake, mara na kanzu nyeupe, mara juu ya mulima na moshi ku miguu. Ilikuwa inamupendeza na inamuogopesha. Akarudisha kidole ku karatasi.

— Mungoje, haijaisha. Hapa chini wanasema… kama…

— Papa, achana na chini! Sans-Frein akasimama. Nimepata. Gaz! Chini ya ziwa yetu kuko gaz, kila mutu anajua. Kanyere asomee gaz. Anatia tuyau, bomba, mbele ya kila nyumba, anapikia Goma nzima maharagi. Kiisha anaenda Vitshumbi, anafanya vilevile ku ziwa yao.

— Ziwa ya Vitshumbi haina gaz, iko na samaki, Recteur akasema.

— Basi atapeleka gaz ya huku kule! Wavuvi watatosha samaki zimeiva, mutu anakuja na chumvi yake tu.

Mama Mukashyaka akacheka mupaka akamwanga kahawa ku kikoi. Recteur hakucheka. Alivuta kiti yake karibu, akashusha sauti kama mutu mwenye kutoa siri ya serikali.

— Ninyi munacheza. Munajua kuko machine ndani ya simu, inaandika, inahesabu, inaangalia mugonjwa ku picha inasema uko na malaria? Miaka kumi tu, kazi zote zitakufa. Docteur, kwisha. Avocat, kwisha. Zitabakia mbili: padri na mwenye kuchimba kaburi.

— Na motard? Sans-Frein akauliza, na mara ile sauti yake ilikuwa ndogo.

— Moto itajiendesha.

— Ku barabara ya Ndosho? Na mashimo haya? Ianguke hapa hapa tuione!

— Na kahawa? Mama Mukashyaka akauliza.

— Machine itapika kahawa.

— Ije. Ikunywe ya kwangu kwanza.

Jua lilikuwa limepanda. Watoto wa mbele ya midi walianza kupita, mabegi ku mugongo, maana yake ilikuwa karibu saa tano na nusu. Josias akajaribu tena.

— Hapa chini…

— Papa Kidole, saa inaenda! Recteur akamushikia biki. Andika. Sisi tumekwisha kubishana, biochimie imeshinda. B, ile yenye iko na matumbo mbili.

Papa Josias akashusha biki ku kisanduku ya kwanza. Mukono yenye inapiga musumari mara moja bila kukosea ikakawia juu ya karatasi. Nukta ya wino ikakaa pale. Akaiangalia. Alijua vile wino inakaa. Ile ya Ushindi ingali ku masomo mupaka leo, ndani ya kabati, na alama ya kidole chake pembeni.

Kumbe nyuma yao mutu alikuwa amesimama tangu kitambo. Mama moja, jina yake Aksanti, anauzaka viazi kule Lac Vert. Alikuja kuchunguza chukudu yenye aliomba, akakuta kelele, akakamata kahawa, akangoja. Hakuna mutu alimukaribisha.

— Munisamehe, akasema. Mimi si wa hapa. Lakini pale chini kabisa, mbele ya nafasi ya signature, wameandika nini?



Sans-Frein akaangalia Mama Mukashyaka. Mama Mukashyaka hajui kusoma, akaangalia Recteur. 

— Ni… ni maneno ya kawaida. Kila karatasi iko nayo.

— Inasema nini?

Watu ine, saa moja na nusu, thermos mbili za kahawa, na hakuna hata mumoja alijua. Recteur akatosha lunette yake ku macho, akaanza kuipangusa na shati, akapangusa, akapangusa.

— Papa Josias, akasema, na hakutumia jina ya Kidole. Hata ile ya Ushindi ilikuwa na maneno pale chini. Ku Kifaransa. Sikuisoma. Niliwaza ninaijua.

Papa Josias hakumuangalia. Kama angemuangalia, sijui nini ingefanyika pa ile banc. Aliweka biki chini. Kidole chake kikateremuka, kikapita kisanduku ya kwanza na nukta yake, kikapita ya pili, kikapita ya tatu, kikasimama ku mustari ya chini.

— Kama… mutoto… hajajua… bado… musimuchagulie. Tieni alama… hapa. Nitakaa naye… kila juma… nitamusikiliza… mupaka… ataona njia. Muzazi… anaweza… kuja pia. Kusema… sijui… si kosa.

Akaisoma tena toka mwanzo. Mara ya pili ilienda haraka kidogo.

 Moto ilipita, chukudu ya makala ikapita inalia ku mawe, na wao walikuwa wanaangalia ile karatasi kama watu wenye kuona maji inatoka ndani ya jiwe.

— Donc, Mama Mukashyaka akasema polepole, kuko mutu kule ku masomo, kazi yake ni kukaa na mutoto mwenye kusema sijui?

— Imeandikwa, Josias akajibu.

— Kila juma?

— Kila juma.

— Yesu wangu.

Sans-Frein alikuwa amekaa chini, mikono kati ya magoti. Watu hawajamuonaka vile.

— Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, akasema. Papa aliniuliza nataka kuwa nani. Nikasema sijui. Alinipiga kofi. Kesho yake nikapanda moto ya mujomba. Mupaka leo sijashuka.

— Wewe walau walikuuliza, Mama Mukashyaka akasema.

Pale ndiyo Kanyere akatokea, shati nyeupe, jupe ya bleu, miguu imejaa vumbi nyeusi. Yeye anasomaka nyuma ya midi. Akasalimia wakubwa, kiisha macho yake yakaenda ku visanduku. Aliona haiko na neno ndani. Akaona nukta.

— Kanyere, Papa Josias akasema, unataka option gani?

Mutoto akaangalia Recteur, akaangalia Sans-Frein, akaangalia chini.

— Yenye utaandika, Papa.

— Sijaandika. Nakuuliza wewe.

Kanyere akavuta kamba ya begi yake, akaizungusha ku kidole mupaka kidole ikawa nyeupe.

— Hesabu inanipendeza. Na kuchora nyumba, vile ukuta inasimama. Na bio pia, ile ya damu. Papa, usikasirike. Sijui.

Papa Josias akapumua. Akamusogezea karatasi, akamuonyesha mustari ya chini, na akamuachilia asome mwenyewe. Kanyere akasoma bila kidole, kimya, macho yake ikikimbia. Kiisha akasimamisha macho, akarudilia. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

— Wameandika ya kweli, Papa?

— Nimegusa kila neno.

Papa Josias akakamata biki. Alitia alama na nguvu mupaka karatasi ikataka kupasuka. Kiisha, ku nafasi ya signature, akaandika jina yake, herufi kwa herufi, bila wino ku kidole. Watu wakangoja. Hata Recteur hakumuharakisha. Ilipofika S ya mwisho, Mama Mukashyaka akapiga mikono.

Kanyere akaweka karatasi ndani ya kayé yake, daftari, akaenda hatua kumi, akageuka.

— Papa! Imeandikwa muzazi anaweza kuja pia. Utakuja?

— Nitavaa ile veste ya ndoa.

— Iko na shimo!

— Mama yako ataishona!

Akakimbia. Josias akabakia amesimama katikati ya barabara, moto zinamupigia klakson, hasikii. Mama Aksanti akangoja, akangoja, mwishowe akauliza kama chukudu yake iko tayari ao arudi kesho. 

Basi, mimi nasimama. Musinikamate ku shati. Madame Léocadie anafungaka mulango yake kule ku masomo saa tisa, na kutoka hapa mupaka kule ni miguu tu. Nataka nimuulize kama ile mustari ni ya watoto peke yao, ao anapokeaka na sisi wenye tumezeeka bila kuulizwa. Musiimwange kahawa yangu, na mulinde nafasi yangu hapa: vyenye atanijibu, nitarudi niwaambie.