Kamati ya Ulinzi wa Benchi

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja. Lipo kibarazani, mbele ya kioo cha duka la kutengeneza simu, na fundi wa duka hilo, dada mpole wa sauti lakini si wa msimamo, amechoka. Anasema wateja hawaoni bidhaa zake, wanaona migongo yetu. Tulimpa hoja zote tulizokuwa nazo, akasikiliza, kisha akasema: "Basi tushindane kwenye huo mchezo wa mazimwi mnaoshinda mkiucheza kwenye simu. Mkinishinda, kaeni hapo mpaka mzeeke. Nikiwashinda, benchi linahamia ng'ambo ya mtaro, juani." Tukakubali, maana kukataa kungeonekana woga. Mechi ni leo alasiri, mazimwi sita kila upande. Simu ni yangu, maamuzi ni ya kijiwe.

— Tuna wapigaji watano, nikasema. Imebaki nafasi moja, ya zimwi la kuzuia.

— Moja? akauliza Beki Tatu, aliyecheza mpira hadi goti lilipomstaafisha. Timu isiyo na ukuta ni choo kisicho na mlango. Haya, anza na kobe wa mawe. Anapigwa mpaka mpigaji anachoka.

— Kobe anaogopa maji.

— Ndiyo maana beki hasimami peke yake. Nyuma yake weka anayekunywa maji. Chura.

Nikamtoa simba wa moto, nikamwingiza chura.

— Chura anaogopa umeme, akasema Daktari. Huyu ni dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Jina lilimpata barabarani. — Halafu jamani, siri si kuzuia kipigo, siri ni kupona. Mweke konokono yule anayelala akiamka mzima. Mgonjwa akilala vizuri, ugonjwa unamkatia tamaa.

— Na umeme je?

— Weka mzizi. Umeme ukiufikia unaingia ardhini, kwisha habari.

Akatoka tai, akatoka nyati wa radi. Kahawa ikazungushwa.

— Mnahangaika, akasema Katibu. Katibu amekaa ofisini maisha yake yote, na mpaka leo ukimwomba akupishe hulifikiria kwanza ombi lako. — Ulinzi mkubwa ni dirisha lililofungwa na mtu yumo ndani. Lipo zimwi la ukungu: ukilishambulia linakurudisha mwisho wa foleni. Halikupigi, halikukatalii, linakwambia njoo kesho. Watu wazima wamelia mbele yangu na sijawahi kumnyanyulia mtu mkono. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu mazimwi.

Joka likatoka, ukungu ukaingia.

— Sasa huyo nge aliyebaki ni wa nini? akauliza Beki Tatu. Mshambuliaji mmoja kati ya mabeki watano ni mgeni msibani. Atatuvurugia nidhamu.

— Kuna jiwe, nikasema, maana nami nimesoma vitabu viwili kuhusu ngome za kale na sikutaka vipotee bure. Ni jiwe tu. Lina macho.

— Halina pa kuumwa, akasema Daktari kwa heshima.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Katibu. Lipitishwe upesi.

Nikabonyeza kuthibitisha. Mchezo ukaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Timu ikafungwa, haibadiliki tena.

Mama mmoja akatoka dukani na simu yake iliyopona, akakwama penye magoti yetu, akachungulia kioo cha simu yangu.

— Hawa wote wanazuia?

— Wote, mama. Hapiti mtu.

— Na anayepiga ni yupi?

Beki Tatu akalitazama goti lake. Daktari akainamisha kikombe. Kahawa ilikuwa imeisha. Katibu akasema swali limepokelewa.

Fundi akatokea mlangoni, simu mkononi.

— Muda umefika, kaka zangu. Mko tayari?

Nikayatazama mazimwi yetu: sura sita tulivu, zimekaa, zinasubiri mtu mwingine achoke. Nikahisi nimewahi kuziona mahali.

Hatukusubiri mechi ianze. Beki Tatu aliinuka, akashika upande mmoja wa benchi. Daktari akashika wa pili. Mimi nikabeba tofali.

— Taratibu kwenye mtaro, akasema Katibu, mikono nyuma. Mimi nasimamia.