King'ora Kibaki Kwenye Muziki Wetu

"Toeni hicho king'ora! Pigeni dansi ya kueka, watu wacheze, mambo yaishe!"

"Toka wewe kwanza, baba! Ulimzika nani humu Huayllapata?"

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya, Doña Filomena Arancibia, hayo ndiyo uliyoyakuta mlangoni. Wa kwanza ni katibu wako, Bwana Ibáñez. Aliyemjibu ni Doña Encarnación Choque, mwenyekiti wa wake wa wachimbaji. Bado hawajanyamaza vizuri, lakini nimeambiwa nisome, basi nasoma.

KARIBU

Sisi vijana wa okestra, wenye violini, wenye tarumbeta, na sisi wa ngoma ambao huwa tunafichwa huku nyuma, tunakukaribisha. Api ya moto, uji wetu wa mahindi, ipo, kunywa mapema, maana ukumbi huu baridi yake haina adabu.

TULIKOTOKA

Treni ilipoacha kuja, karakana ya mabehewa ikabaki tupu, tukapewa sisi. Mwanzoni tulipiga valsi za harusi, valsi asubuhi, valsi jioni, tukachoka. Ndipo Maestro Wilfredo Calani akatuletea muziki wa karne ya ishirini. Mama wa mpiga chelo wetu akauliza, "Huu mbona kama mtu kaangusha kabati la vyombo?" Sasa hivi anauimba akimenya viazi.

TULIYOYAFANYA

Watu wa mji wa Oruro wametualika, wakatualika tena. Na mwezi ujao, Mheshimiwa, tuna maonyesho matatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, karne ya ishirini tupu! Kuna kazi ya Mmeksiko, ya Mhungaria, ya Mbrazili. Na kila onyesho linamalizika na ya mtu wetu wenyewe, marehemu Don Evaristo Colque, aliyekuwa akichimba bati mchana, jioni anapuliza tarumbeta. Aliiandika mwaka ule mgodi ulipowaangukia watu kule chini. Haijawahi kupigwa mbele ya watu. Sisi tunaiweza. Mtu akisema tunajisifu, ndiyo, tunajisifu, aje asikilize.

CHANGAMOTO

Ni moja, na unaijua. Ndani ya muziki huo kuna king'ora cha mgodi, kinalia mara tatu. Hapa kwetu kikilia mara moja, watu wanabadilishana zamu. Kikilia mara tatu, kuna ajali. Sasa kwenye nota Don Evaristo kaandika king'ora kisikike "kutoka mbali". Basi sisi na akili zetu zote tukabeba king'ora cha zamani cha mgodi, cha kuzungusha kwa mkono, tukakipandisha juu ya paa, tukakizungusha mara tatu. Asubuhi. Watu wa zamu wako chini.

Mama zetu walikimbia hadi mgodini, wengine miguu mitupu. Wakamkuta mlinzi anakula salteña, sambusa yetu ya nyama, hajui lolote. Doña Encarnación akaja hapa, kofia mkononi, akamwambia maestro, "Kilipolia hivyo, mume wangu alitolewa mgodini kwa machela. Wewe unakichezea?" Tulipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na kesho yake ikaja amri yako: king'ora kitoke, la sivyo maonyesho hakuna.

Hatukulaumu, Mheshimiwa. Ila yuleyule Doña Encarnación alirudi mazoezini, akakaa pale mbele. Tulikuwa tumeweka tarumbeta mahali pa king'ora. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Hapo kati pamekaa ovyo," akasema.

"Hapo ndipo palikuwa na king'ora, Doña," maestro akamjibu.

"Sasa hiyo tarumbeta ya nini? Inalia kama bata kakanyagwa. Kirudisheni."

"Na amri ya Meya?"

"Meya niachieni mimi, nitaongea naye."

Ndiko huko kuongea ulikokusikia mlangoni.

OMBI

Turudishie king'ora. Basi. Viti tutaomba mwakani. Paani tumeshakishusha, kiko stoo ya ndani isiyo na dirisha, ukuta wa mawe, na ukutani tumeegemeza magodoro. Tumejaribu kwa kupuliza humo tarumbeta zote kwa pamoja, tusiwashtue watu tena. Mtu aliyesimama barabarani hakusikia kitu, ila humu ukumbini zilisikika kama kutoka mbali. Wake wa wachimbaji watakaa mstari wa mbele, wameamua wenyewe. Bwana Ibáñez anasema watu watalia. Watalia, ndiyo! Wale waliobaki kule chini hakuna aliyewahi kuwapigia hata wimbo mmoja, na hii kazi ni yao. Ukikitoa king'ora, unatuachia valsi nyingine.

Bikira akulinde, Mheshimiwa, na kila aliyeshuka leo apande kwa miguu yake mwenyewe. Ni sisi wako, Okestra ya Vijana ya Huayllapata.

Sasa wenzangu watakupigia dakika za mwisho za Don Evaristo. Mpiga king'ora ni mimi, kwa hiyo nakwenda stoo. Kule sioni mtu, kuna taa tu, maestro ndiye huiwasha. Leo swichi yake tumeiweka mezani kwako. Muziki ukifika pale, maestro atasimamisha mkono, atakutazama. Taa ikiwaka, nazungusha. Isipowaka, nitakuwa nimesikia jibu lako.

Doña Encarnación, shika karatasi hii. Mimi natoka, nafunga mlango.