Mara ya Nne kwa Siku Moja: Maisha ya Leodgar Paschal Manjolo

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, ndugu, jamaa na majirani mlioacha mashamba na nyavu zenu ili kuwa nasi, naitwa Kasiani Paschal Manjolo, mdogo wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, na nimesimama hapa kwa sababu shemeji yangu Theopista, mjane wa marehemu, ametaka nisome mimi na si mtu mwingine. Karatasi ya kwanza niliyoiandika juzi ilikuwa fupi, akaisoma, akanirudishia, akasema, "Shemeji, mwaka tisini na nane umeuruka. Uandike na uusome mbele za watu, au niachie nisome mwenyewe." Nimeuandika.

Marehemu Leodgar Paschal Manjolo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1966 hapa hapa Nyamisati, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu Mwalimu Paschal Manjolo, aliyehamishiwa huku kutoka Mahenge mwaka 1963, na marehemu mama yetu, ambaye hadi anaingia kaburini hakuizoea bahari. Mwanawe huyu alijua kuogelea kabla hajajua kusoma, jambo lililomkera sana baba, kwa kuwa mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Alianza elimu ya msingi hapa kijijini mwaka 1974, akamaliza mwaka 1980, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari kwa shule nzima mwaka ule zilikuwa mbili, na yeye alikuwa wa tatu.

Mwaka 1986, biashara ilipoachiwa huru na wanunuzi wa majongoo bahari wakaanza kumiminika kutoka Dar es Salaam, marehemu alijiunga na wazamiaji wa huko visiwani, akishuka bila mtungi, kwa pumzi zake tu, na wenzake waliobaki hai wanaweza kushuhudia kwamba hakuna aliyekaa chini muda mrefu kama yeye. Tarehe 1 Oktoba 1992 aliajiriwa katika hoteli ya ufukweni iliyokuwa imefunguliwa kisiwani, miaka ile ambayo kila mwenye mtaji kutoka nje alipokelewa kwa ngoma, na msimu wote ule alifundishwa kuzamia kwa mtungi na mwalimu mgeni, akafaulu majaribio yote, akaahidiwa kadi ya ualimu. Kadi hiyo haikuja mwaka ule, wala mwaka uliofuata, na barua yake ya ajira hadi mwisho ilisomeka "mhudumu wa boti".

Kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kufika pale, mapokezi palikuwa na ubao ambapo mgeni alichagua mwenyewe namna anavyotaka kuiona bahari. Asiyejua kabisa alianzia bwawani, maji ya kiunoni, mwanafunzi alipelekwa ndani ya ghuba, mita kumi na mbili, kwenye matumbawe na samaki wasioogopa watu, mwenye kadi alipelekwa nje ya mlango wa ghuba, kwenye ukuta wa mwamba unaoteremka mita thelathini na zaidi, na aliyetaka kusisimka alichukuliwa na mkondo maji yanapotoka, boti ikimfuata kwa juu. Mzee asiyetaka mtungi alipewa miwani na mrija, akaelea. Kila chaguo lilikuwa na jina la mwalimu mbele yake, na majina yale yalibadilika kila msimu, vijana wa kigeni waliokuja kwa miezi sita wakaondoka, lakini aliyejua mkondo unageuka saa ngapi, na pweza yupo jiwe gani, alikuwa Leodgar, na wao walishuka nyuma yake. Mwaka 1995 aliniombea kazi mimi, nikawa fundi wa jenereta na kompresa ya kujazia mitungi, kwa hiyo kuanzia mwaka huo hewa aliyoivuta kaka yangu chini ya maji ilipita mikononi mwangu.

Tarehe 3 Julai 1993 alifunga ndoa na Theopista katika kanisa la Kibiti, na tarehe 20 Mei 1994 Mungu akawajalia mtoto wao mmoja, Vicky, ambaye sasa yuko darasa la tatu.

Jumatano tarehe 11 Februari 1998, marehemu aliwateremsha wageni wanne ukutani asubuhi, adhuhuri akawateremsha wengine wawili pale pale, na alasiri akawa ndani ya ghuba na mwanafunzi. Saa kumi jioni alikuwa ameshasuuza vifaa, yumo bandani kwangu anakunywa chai, meneja akaingia na kusema kwamba mgeni mmoja wa asubuhi aliangusha kamera kule ukutani na anaitaka. Marehemu akamjibu kwa adabu, "Leo nimeshuka mara tatu, bwana. Hewa iliyoingia kwenye damu haijatoka. Nitaitoa kesho alfajiri." Meneja akasema, "Kesho alfajiri mgeni anaondoka. Wewe ndiye unayepajua, au nimtafute mwingine wa kuchukua nafasi yako?" Leodgar akanitazama, nami nikatazama chini, kisha nikamjazia mtungi.

Aliipata kamera kwenye kina cha mita thelathini na sita, na kwa maelezo ya nahodha wa boti, Abdalah Mwinchande, ambaye yuko hapa na anaruhusu nimtaje, hewa ilimwishia akapanda bila vituo vya kungojea hewa itoke kwenye damu. Mgeni alifurahi, akampa mkono. Haikupita nusu saa viwiko vikaanza kumuuma, akawa hawezi kukojoa, kisha akaniambia, "Kasiani, niguse mguu," nikamwambia nimeushika, akasema, "Basi si wangu." Hotelini kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa dharura, nikauomba, nikajibiwa umewekwa kwa ajili ya wageni. Kulikuwa na ndege ndogo asubuhi yake, na viti vilikuwa vya wageni. Alivushwa kwa boti kesho yake mchana, akapokelewa hospitali ya Mchukwi, akapelekwa Dar es Salaam, na daktari aliyempima huko alimweleza Theopista kwamba ugonjwa huu una dawa, nayo ni kurudishwa kwenye mgandamizo wa hewa mapema, na mapema ilikuwa imepita. Kaka yangu alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na hakusimama tena.

Mwezi Machi mwaka huo huo yalikuja maswali ya serikali kuhusu ajali, na hoteli ikaandaa maelezo yaliyosema kwamba mhudumu wa boti Leodgar Manjolo alichukua mtungi bila idhini, akazamia kwa shughuli zake binafsi, akiwa amelewa. Maelezo hayo yalitaka sahihi ya shahidi. Sahihi ile ni yangu. Sikupigwa wala kufungiwa ndani, niliambiwa tu kwamba kompresa inaweza kupata fundi mwingine, mke wangu alikuwa mjamzito, nikasaini, na kwa maelezo hayo shauri la marehemu likafungwa. Nasema leo, mbele yenu na mbele ya jeneza hili, kwamba Leodgar hakuwahi kuonja pombe, kwamba alitumwa, na kwamba nilikuwepo.

Nilipokuja kumwona Mei ile alikuwa ameshasomewa maelezo yale. Nilingoja anitukane. Alisema maneno matatu tu, "Hata pombe, Kasiani?" Tangu siku hiyo hadi kufa kwake, miaka sita na nusu, hakuniita tena mdogo wangu, aliniita "bwana fundi", akaniuliza habari za safari, akaniagizia chai, kama anavyopokewa mtu aliyeingia kukwepa mvua.

Wengine walimjua vizuri zaidi miaka hiyo. Vijana wanaoshuka kwa mipira ya kompresa kutafuta majongoo walikuja kukaa kando ya kitanda chake, akiwahesabia kwa vidole wapumzike saa ngapi kati ya mshuko na mshuko, na wapande taratibu kiasi gani, na wapo waliomo humu leo wanaotembea kwa miguu yao kwa sababu ya kitanda kile. Mimi nilisikilizia nje, kwa kuwa nilipoingia alinyamaza.

Vidonda vya kulala vilimwandama kwa muda mrefu, mwaka huu figo zikachoka, tarehe 2 Novemba akalazwa Mchukwi, na Jumapili tarehe 21 Novemba 2004, saa moja asubuhi, akafariki dunia mkono wake ukiwa mkononi mwa Theopista. Nilifika saa nne.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na masista wa Mchukwi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, inamshukuru jirani yetu Mama Mwanamkuu, ambaye kwa miaka sita, Ramadhani na siku za kawaida, alimletea uji kwa mkono wake, na inamshukuru nahodha Abdalah, aliyekataa kutia sahihi na akaachishwa kazi. Wafanyakazi wenzake waliochangia sanda na jeneza, asanteni. Kwa uongozi wa hoteli familia haina shukrani, na Theopista ameniagiza nisiseme zaidi ya hapo.

Kwangu mimi, jana niliandika maelezo mapya mbele ya mtendaji wa kijiji, akaniuliza yatamsaidia nani sasa, nikasaini.

Pumzika, kaka Leodgar, kwa amani ambayo ulistahili kuipata kwangu ungali hai.