Bia ya Mzee Vendelín

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Vendelín Krejza wa hapa kwetu Polička, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka themanini na mmoja. Mzee Vendelín alikuwa fundi rangi. Alichukua msonobari, mbao ya watu maskini, akaifanya ionekane mwaloni.

Alianza na rangi ya manjano. Juu yake alipaka rangi nyepesi ya kahawia, aliyoikoroga kwa bia iliyokwisha povu. Kabla haijakauka alipitisha kichana, akachora mishipa na vifundo vya mbao. Mwisho vanishi. Nusu ya milango ya mji huu ilipita mikononi mwake. Leo karibu yote imekwanguliwa, maana siku hizi kila mtu anataka mbao tupu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kabati. Kabati la harusi, alilompakia mkewe Apolena mwaka walipooana. Apolena alizoea kuwatania majirani, "Mume wangu huilewesha mbao mpaka inasahau kwamba ni msonobari!" Apolena alitangulia miaka sita iliyopita. Kabati likabaki.

Mwaka jana, mzee akiwa amelazwa kwa ugonjwa wa ini, binti yao Zdislava alitaka kumfurahisha. Akalipeleka kabati kwa mafundi, wakalikwangua likawa jeupe. Mzee aliporudi nyumbani, akamwonyesha.

"Baba, tazama! Mbao yenyewe hiyo!"

"Zuri, mwanangu. Umejisumbua mno."

Wiki chache baadaye Zdislava akakuta chupa mbili za bia chini ya sinki, na daktari alikuwa amemkataza mzee pombe.

"Baba, unataka kujiua?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo gani! Mpaka mikono inanuka!"

Akaimwaga. Akamwaga mara ya pili, na ya tatu. Kisha akawasihi wenye maduka wasimuuzie, nao hawakumuuzia tena.

Juzi, akitafuta suti ya kumzikia babake, alifungua lile kabati. Upande wa ndani wa mlango mzee alikuwa amechora mwaloni. Mistari ilitetemeka, ikafutwa, ikachorwa upya. Ilifika nusu ya mlango, ikakomea hapo. Chini kilikuwapo kichana, kimefungwa ndani ya kitambaa kinachonuka bia.

"Hakunywa hata tone," Zdislava ametuambia, na ameturuhusu tuyaseme. "Nimekua na harufu ile. Nilijua kazi ya bia ile, na sikukumbuka. Baba aliona heri nimwite mlevi kuliko kuniambia nimeharibu kabati la mama."

Tulimuuliza kama atatafuta fundi wa kulimalizia.

"Fundi gani? Alikuwa yeye."

Dada Zdislava, pole sana, wewe na ukoo wote. Neno la kukupoza sina, na sitalitunga. Nawe msikilizaji mpendwa, kabla ya kumfokea mzee wako leo, muulize kwanza. Muulize, kisha ungoje akujibu.

Mazishi ni kesho saa nne asubuhi. Mlango utabaki nusu.