Mama Jina-Lake na Vibati vya Koki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mchoraji wa mabomba. Ndiyo, mabomba. Mama huyu alichora njia za maji na mvuke kiwandani hadi mvi zikamjaa, na mafundi walimwita Mama Jina-Lake.

Jina hilo lina kisa. Zamani mafundi wale kila kitu walikiita kidude. Kidude cha juu, kidude cha pembeni. Mchoro ulisema lake, wao wakasema lao. Siku moja fundi alikuwa akifungua bomba, mwenzake akaambiwa afunge kidude. Akafunga. Kumbe kafunga kingine! Mvuke ukamuunguza fundi yule mkono. Alipona, jamani, lakini mama alikosa raha, maana mchoro ulikuwa wake.

Basi akashuka karakana na chupa ya chai, akawakalisha chini. Hiki mnakiitaje? Na hiki? Walibishana weee! Valvu ya njia moja ilipata jina lake pale pale, kwa kuwa maji huyaruhusu kwenda, kurudi marufuku. Kila jina walilokubaliana aliliandika kwenye mchoro, kisha akalichonga kwenye kibati na kukifunga kwa waya kwenye valvu yenyewe. Jina moja, kote kote. Ukimwomba kidude, anakuuliza, "Jina lake?"

Fundi aliyeungua anasema amestaafu na mkono wa pili ukiwa mzima, na mkono huo ni wa mama, maana majina yake ndiyo yaliyoulinda.

Lakini nyumbani, sikio la kufa halisikii dawa. Mumewe, fundi cherehani, hakubadilika. Mama watoto, niletee kile kidude. Bomba likivuja, mama watoto. Maji yakikatika, mama watoto.

Mwaka jana mama akaugua, na madaktari hawakumficha. Akaanza kuzunguka nyumba, pole pole, na vibati vyake na waya. Mumewe akamtania, je, hapa napo pamekuwa kiwanda? Mama hakucheka.

"Baba watoto, ipo siku utaniita nisikusikie."

Wiki iliyopita, msiba ukiwa bado mbichi, bomba la jikoni likapasuka. Maji mpaka sebuleni. Mzee akaita, "Mama watoto!" Kisha akakumbuka. Akapiga magoti, akapapasa chini ya sinki, mkono ukagusa kibati. Kimechongwa: Koki ya jikoni. Zungushia upande wa mlango. Akazungusha. Maji yakakatika.

Binti yao akaja mbio, akauliza nani kafunga maji. Baba yake alikuwa ameketi kwenye sakafu iliyolowa, machozi yanamtoka.

"Mama yako," akasema.

Pole sana, mzee wetu. Pole binti, poleni mafundi wote mliofundishwa majina na mama huyu. Mungu ampumzishe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkifika nyumbani, kila mmoja amshike mkono mwenzake, amwonyeshe koki ilipo, amwambie na jina lake. Afanye hivyo angali anasikika.